Hilali Isiyokuwa ya Mwezi

Kazi yangu ni kupiga picha. Kwa miaka 22 nimekuwa na kibanda changu hapa Tanga, nikipiga picha za pasipoti, za arusi na za watoto wanaohitimu madrasa. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyepata kuniuliza kama niko tayari kuitolea picha yangu ushahidi mbele ya Mola wangu. Swali hilo niliulizwa mara moja tu, Ijumaa ya tarehe 28 Februari 2025, usiku wa kuamkia Jumamosi, ndani ya msikiti wa mtaa wetu, baada ya sala ya Isha, wakati watu walipokuwa hawajui kama wasimame kwa tarawehe au warudi majumbani kwao.

Nakiandika kisa hiki kwa kuwa kosa lilikuwa langu, na lilianza kama mchezo. Yamkini katika nyumba ya msomaji kuna simu ambayo usiku huohuo ilipokea picha ile.

Yafaa nieleze kwanza ilivyokuwa hata mpiga picha wa pasipoti akawa anakesha uani akitazama mbingu. Miaka michache iliyopita nilinunua mkononi, kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao, darubini yenye kioo cha milimita 130. Si kubwa, mtu mmoja huibeba akaiweka chini ya mwarobaini wetu, mahali ambapo ukuta wa jirani huzuia taa ya barabarani. Usiku wa kwanza nilitazama mwezi, nikadhani nimeona yote yanayofaa kuonwa. Usiku wa pili nikaielekeza kwenye nyota moja nyeupe, ing'aayo bila kumetameta, nikakuta si nukta bali duara dogo lenye mistari miwili ya rangi ya udongo, na pembeni yake vinukta vinne vimejipanga kama shanga katika uzi. Ilikuwa Mushtarii. Tangu hapo sikulala mapema.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, hakupendezwa. Katika lugha yetu neno unajimu limebeba mizigo miwili: elimu ya kuzijua nyota, na uongo wa kuzitumia nyota kumtabiria mtu riziki yake. Watu walipoona darubini, baadhi yao waliuona mzigo wa pili tu. Kijana mmoja alinijia na jina la binti aliyetaka kumposa pamoja na jina la mama yake, nimwangalizie kama nyota zao zinapatana. Nikamwambia akaulize tabia ya binti kwa majirani zake, si kwa Zohali. Mama alisikia, akaniita.

"Mwanangu, marehemu baba yako hakukusomesha ili uje kupiga ramli."

"Mama, ramli humsemea mtu kesho yake. Hiki chombo hakijui kesho ya mtu yeyote."

Nikamwomba aje uani atazame mwenyewe. Aliinamia lenzi huku ameshika mtandio wake, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza vile vinukta vinne ni nini. Nikamwambia ni miezi ya Mushtarii. Anayo mingi, lakini hiyo minne ndiyo mikubwa, nayo huonekana hata kwa darubini ndogo.

"Minne?" akasema. "Na sisi tunagombana kwa mmoja."

Tokea siku hiyo hakunizuia tena, ingawa hakuacha kuniangalia.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa picha, kutazama hakukunitosha. Wengi hudhani picha ya sayari hupatikana kwa kubonyeza mara moja. Sivyo. Hewa iliyo juu yetu haitulii. Hufanana na maji ya karai lililotikiswa, na sayari ni kama sarafu iliyolala chini ya maji hayo. Mara inaonekana wazi, mara inapinda, mara inakuwa ukungu. Kwa hiyo nafunga simu kwenye lenzi ya darubini, napiga video ya dakika moja, na dakika hiyo moja hunipa picha 1,800 za mfululizo. Programu ya kompyuta huzipanga kuanzia iliyo safi hadi iliyoharibika. Nachukua kama 300 zilizo bora, nazitandaza moja juu ya nyingine, na chengachenga zilizo katika kila moja hufutana, kikabaki kile kilichomo katika zote. Kwa Mushtarii huwezi kupiga video ndefu sana, kwani sayari hiyo kubwa hujizungusha yenyewe kwa muda usiofikia saa kumi, na ukichelewa mistari yake hukorogeka.

Sisi wa pwani hii tuna neema moja ambayo aghalabu hatuijui. Kwa kuwa tu karibu na Ikweta, sayari hupita juu sana, karibu na utosi, mahali ambapo hewa ya kupenya ni nyembamba kuliko karibu na upeo. Mtu wa Ulaya aweza kuwa na darubini mara tatu ya yangu, ila kuna miaka ambayo sayari humpitia chini, juu kidogo tu ya mapaa ya jirani zake.

Sasa nirudi kwenye Ijumaa ile. Ilikuwa tarehe 29 Shaaban 1446, siku ya kuutazamia mwezi wa Ramadhani. Kwa hesabu ya falaki, mwezi ulikuwa umekutana na jua saa tisa na dakika 45 za usiku wa kuamkia siku hiyo, hivyo jua lilipokuwa likizama kwetu mwezi ulikuwa na umri wa saa 15 tu. Mwezi wa umri huo haujaangazwa hata sehemu moja katika mia ya uso wake. Ni unywele, tena chini kabisa, na hauchelewi kulifuata jua. Nilitoka uani na binti yangu wa pili, aliyekuwa na miaka 12. Upande wa magharibi, kuelekea Usambara, mawingu yalikuwa yamelala juu ya upeo kama godoro. Tulitazama kwa macho, tukatazama kwa darubini. Hatukuona kitu.

Juu ya mawingu yale, mahali palipotakata, Zuhura ilikuwa inawaka. Katika miezi ile ilikuwa ndiyo taa ya jioni, ing'aayo kuliko nyota zote. Nikaielekezea darubini nikamwambia binti yangu atazame. Alipoweka jicho alipiga kelele:

"Baba! Mwezi huu hapa!"

Nikacheka. Alichokiona kilikuwa hilali kweli, yenye pembe mbili kali, nyeupe kama maziwa. Kwa maana Zuhura nayo ina hilali yake. Sayari hiyo hulizunguka jua ndani ya njia yetu sisi. Inapokuwa ng'ambo ya jua tunauona uso wake karibu wote umeangazwa, na inapokaribia kupita kati yetu na jua tunaona ukingo tu, kama tunavyoona kwa mwezi. Galileo aliliona jambo hilo kwa darubini yake mwaka 1610. Jioni ile sehemu iliyoangazwa haikufika hata moja ya tano ya uso wake, na upana wake mbinguni ulikuwa kama sehemu moja ya 40 ya upana wa mwezi. Kwa jicho tupu huoni pembe. Unaona nuru tu.

Binti yangu alikuwa amekosea mbele yangu, kwa sauti kubwa, kwa kitu kilekile ambacho kingemkosesha kila mtu. Badala ya kuchukua onyo, nikachukua mchezo. Nikapiga video, baada ya Maghribi nikaichagua na kuitandaza. Darubini yangu hupindua mambo juu chini, hivyo nikaigeuza picha ili ikae kama mtu aitazamavyo mbingu, pembe zikielekea juu, mithili ya mashua. Nikaituma katika kundi la simu la ukoo wetu kwa maneno haya: "Kisieni, hiki ni nini?" Kisha nikaiweka simu kwenye chaji, nikaingia kuoga, nikatoka kwenda Isha bila ya kuichukua.

Picha ya anga haina kipimo. Picha ya arusi ina mlango, ina kiti, ina mkono wa mtu. Unajua bwana arusi ana kimo gani. Picha ya Zuhura ni weusi pande zote na pembe mbili katikati. Hakuna kinachokwambia kama kitu hicho ni kikubwa kama sinia au kidogo kama chembe ya chumvi.

Nilipofika msikitini nilikuta watu wamejaa hadi kwenye baraza, wanapeana mikono. Mmoja alinikumbatia. "Mola akulipe, fundi. Umetutoa katika shaka." Sikufahamu. Akanionyesha simu yake. Ilikuwa picha yangu, na chini yake hapakuwa na swali langu, bali haya: "Hilali imeonekana Tanga, imepigwa na mjomba wangu. Ramadhani karim." Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, aliiona picha katika kundi la ukoo, akaona haihitaji kukisiwa, akaipeleka katika kundi la mtaa. Kutoka hapo ilikuwa imekwenda nisikokujua.

Tuliposali Isha, imamu hakuinuka kwa tarawehe. Aligeuka akatutazama. Mzee mmoja wa safu ya mbele akasema hakuna haja ya kungoja tangazo la mtu, wala ya shahidi wa kuapa, kwani picha ipo.

Imamu akamjibu, "Picha haina ulimi, mzee wangu. Mwenye picha anao." Kisha akaniita. "Fundi, hii umeipiga wewe? Na unashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba umeuona mwezi?"

Sitasema kwamba nilijibu mara moja. Aliyekaa kando yangu aliniambia kwa sauti ya chini ninyamaze, kwani heri mtu kutangulia kuliko kuchelewa. Mpwa wangu alikuwa safu ya tatu, ameinamisha kichwa, maana alikwisha kuuona uso wangu. Nilijua kwamba wanawake majumbani wamekwisha kuloweka maharage ya daku. Nilijua pia kwamba wale waliokuwa wakisema kuwa darubini yangu ni ya mnajimu, usiku huu watapata la kusema mwaka mzima. Na lilikuwepo jibu la tatu, la ujanja: kusema kwamba sina hakika. Jibu hilo lingeniokoa, ila lingekuwa uongo, kwa sababu hakika nilikuwa nayo.

Nikasimama. "Picha ni yangu. Nimeipiga uani kwangu jioni hii. Si mwezi, ni Zuhura. Mwezi nimeutafuta, sikuuona."

Palikuwa kimya, kisha manung'uniko. Mtu akauliza nani basi aliyeandika kuwa ni hilali. Nikasema kosa limeanzia kwangu, niliyeipeleka picha bila ya jina lake katika usiku ambao kila mtu alikuwa anatafuta pembe mbili. Yule mzee wa safu ya mbele hakuridhika, na hoja yake ilikuwa na nguvu.

"Zuhura ni nyota," alisema. "Tangu utoto wangu naijua. Nyota haina pembe."

Ningewezaje kumweleza pale, bila ya chombo, na watu wana hasira? Imamu ndiye aliyetukata kauli. Akakumbusha kwamba tumeamrishwa kufunga kwa kuonekana mwezi, na ukifichikana tukamilishe siku 30. Na kwamba Surat al-Hujuraat imetutaka tuihakikishe habari kabla ya kuitenda, tusije tukajuta. Baadhi walitoka wakaenda kusali tarawehe kwingine, pamoja na ndugu zetu waliokuwa wanafunga Jumamosi kwa hoja zao wenyewe. Suala hilo lina wanazuoni wake, nami sina neno nao. Nilichokataa ni picha yangu kuwa hoja ya mtu.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa kitandani, habari imemfikia. Nilitarajia aniambie kwamba alinionya. Akauliza jambo moja tu: "Umesema kweli mbele ya watu?" Nikajibu nimesema. "Basi kesho kipeleke hicho chombo chako msikitini."

Usiku mpwa wangu alikuja, akasimama mlangoni hataki kuingia. Akaniomba radhi. Nikamwambia, "Uliniamini, na hilo ndilo lililokuponza. Siku nyingine hata mimi niulize kwanza."

Jumamosi tarehe 1 Machi mawingu yalitawanyika. Baada ya Maghribi mwezi ulikuwapo bila ya ubishi, umeangazwa kama sehemu nne katika mia, na watoto waliuonyeshana kwa vidole. Juu yake, upande wa kaskazini, Zuhura ilikuwa inawaka vilevile. Nikaisimamisha darubini katika ua wa msikiti. Kwanza niliwaonyesha mwezi: ukingo wake una mashimo na vilele, na ile sehemu yenye giza si giza tupu, bali ina mwanga hafifu wa kijivujivu, ambao ni nuru ya jua iliyopiga kwenye dunia yetu ikarudi hadi kule. Kisha nikaigeuza darubini kidogo tu kwenda kwa Zuhura. Hilali ndogo, laini, isiyo na shimo wala kilele, maana tunachokiona ni mawingu yake. Tena ilikuwa nene kuliko ya mwezi kwa kulinganisha na umbo lake. Kama watu wangeziona picha hizo mbili kwa pamoja Ijumaa, hakuna ambaye angekosea.

Yule mzee alikuja mwishoni. Aliinama, akaondoa jicho, akatazama mbinguni kwa macho yake, akainama tena.

"Ina pembe," akasema. Kisha, baada ya muda: "Miaka 70 naitazama, kumbe sikupata kuiona." Akanishika bega. "Mimi nilikosea nusu, na wewe nusu."

Ningependa kisa kiishie hapo, lakini hakikuishia. Jibu langu halikusafiri kwa kasi ya picha. Baada ya wiki mbili mke wangu alikutana sokoni na mama mmoja wa mtaa mwingine, aliyemwambia kwa furaha kwamba alianza kufunga Jumamosi kwa sababu ya picha ya hilali ya Tanga. Hakuna aliyempelekea masahihisho. Nilimwuliza imamu, akaniambia funga yake iko kwa Mola wake na nia yake ilikuwa njema, ila mimi niende nikamtake radhi. Tulikwenda, mimi na mke wangu. Alitupokea kwa ukarimu, na ukarimu ule ulinichoma kuliko ambavyo lawama ingenichoma. Na Ramadhani ilipokaribia kwisha, picha ilirudi tena kwenye simu yangu, mara hii imeandikwa kwamba ni hilali ya Shawwal iliyoonekana katika mji mwingine kabisa. Zuhura yenyewe ilikuwa imekwisha kupita kati yetu na jua tarehe 23 Machi, haikuwa tena taa ya jioni. Sayari ilikuwa imeondoka, picha yake imebaki ikitoa ushahidi wa uongo.

Miaka elfu moja iliyopita Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika kitabu chake kikubwa juu ya kuona, akathibitisha kwamba jicho huona kwa nuru inayoliingia. Asichoridhika nacho ni kuishia hapo. Alitenga sehemu za kitabu hicho kueleza makosa ya macho: ni kwa nini kitu kilicho mbali hudhaniwa kuwa kidogo, kwa nini giza na umbali huidanganya hukumu yetu. Nilikuwa nikimtaja kwa fahari kila nilipoonyesha darubini yangu, kwamba sisi Waislamu tulitangulia katika elimu hii. Fahari hiyo nimeipunguza. Heshima anayostahili mtu yule ni sisi kuyafanyia kazi aliyoyachunguza, na hasa lile la kuyashuku macho yetu kabla ya kuwashuhudilisha wengine.

Ndugu wazazi, simu zimo mikononi mwa watoto wetu, na kila mtoto sasa ni mpiga picha na mpeleka habari. Tunawafundisha kutosema uongo kwa ulimi. Tuwafundishe pia kwamba picha ya kweli, ikiondolewa jina lake, mahali pake na saa yake, yaweza kusema uongo ambao hakuna aliyeukusudia. Kuhakikisha habari ni ibada, na huanzia kwa yule anayeituma, si kwa yule anayeipokea peke yake.

Bado nakesha chini ya mwarobaini. Zohali nimeipiga, na Mirihi, na Kilimia kikichomoza alfajiri baada ya masika. Kila picha sasa huandikwa ndani yake, kwa herufi zisizoweza kukatwa: kitu gani, wapi, tarehe gani, saa ngapi, kwa chombo gani. Wakati mwingine, nikiwa nimechoka na usingizi umenielemea, hutaka kuituma kwanza na kuandika baadaye. Binti yangu, ambaye ndiye aliyekosea wa kwanza na ndiye pekee aliyekosea bila ya dhambi, husimama nyuma ya kiti changu.

"Baba," huniuliza, "umeandika jina?"